Fito Mbili za Mwaitu Syombua

Nyinyi vijana mliopewa juzi mabuti mapya na pikipiki za kaunti, nawasalimu kutoka kwenye kiti changu cha kamba hapa Matiliku. Mwenzenu Mwende ameniambia mnataka niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi ya kupima matuta miaka thelathini na kitu, kabla simu hazijajua kupima chochote. Nimekubali, ingawa mgongo wangu haupendi meza. Lakini niwaonye mapema. Mkitafuta humu habari za mtaalamu hodari, mmepotea njia. Sehemu kubwa ya nilichojua nilikipata kwa mama mmoja wa Matinyani ambaye hakuwahi kukaa darasani, na sehemu iliyobaki niliipata kwa kumharibia shamba.

Jina lake Syombua. Kwetu Ukambani msichana akizaliwa mvua ikinyesha huitwa hivyo, na ukimwona alivyoipenda mvua ungesema aliyempa jina hakukosea. Sisi watu wa ofisi tulimwita Mwaitu, yaani mama. Wajukuu wake walimwita Susu, yaani nyanya, na mwisho wa maisha yake kijiji kizima kilimwita hivyo, hata wazee wenye mvi. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Yeye mwenyewe alihesabu kwa njaa alizoziona, na vidole vya mkono mmoja havikumtosha. Tulimzika mwaka huu, majuma machache kabla ya mvua za vuli.

Nianze na somo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu. Ukifika kwa mtu, kula. Siku yangu ya kwanza kwake nilifika na mkate kwenye mkoba, shati limepigwa pasi, na haraka ya mtu aliyehitimu juzi. Akaniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sahani imejaa hadi ukingoni. Nikasema asante Mwaitu, nimeshiba, tuanze kazi. Alinitazama, akauchukua mkoba wangu, akautundika juu kabisa kwenye mti wa paa.

"Mwanangu," akasema, "kama wewe umekataa chakula yangu, mimi nitakubali mitaro yako namna gani?"

Nilikula. Nilipomaliza akaongeza. Kufikia sahani ya pili nilikuwa nimeshamweleza habari za mama yangu wa Matiliku, aliyeuza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa ili niende chuo cha kilimo. Aliniuliza ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba alimfahamu yule ng'ombe, na tangu siku hiyo nikawa mtoto wa pale.

Somo la pili pia ni lake. Nendeni shambani mvua ikinyesha. Maafisa wengi huja jua likiwa limewaka, ardhi imekauka, wanaonyesha kwa kidole maji yatapita hapa na hapa. Mwaitu Syombua alinitoa jikoni kwake siku ya mvua kubwa, akanitupia gunia nijifunike kichwa, akaniambia nivue viatu. Tukatembea kwenye mteremko pekupeku. "Usiangalie," alinikataza. "Sikia na nyayo." Na kweli nyayo zilisikia. Kuna mahali maji yalipita yakivuta udongo chini ya vidole, na mahali yalipotulia. Nilipata mafua ya wiki nzima, lakini sikupata tena kuchora mtaro mahali maji hayapiti.

Msidhani nilikuwa mwerevu baada ya hapo. Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa Tseikuru, kaskazini kule kwa wafugaji. Bidii ilikuwa imenijaa, nikapiga vigingi zaidi ya mia kwenye kilima kimoja, nikawahubiria watu matuta mpaka sauti ikakauka, kisha nikaenda zangu. Kurudi baada ya wiki mbili, kila kigingi kimefungiwa mbuzi. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru mbele ya watu, akauliza kama ofisi inaweza kuongeza vingine. Niliandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameupokea mradi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Nyinyi mnapima kwa vyombo vinavyoongea. Sisi tulikuwa na fito mbili, kamba ya mita kumi, na pima maji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba. Fito zilikuwa za urefu mmoja, zimekatwa kwa msumeno ofisini, na kila mmoja una alama mahali pa kufungia kamba. Mtu mmoja anasimama nyuma na ufito wake, mwingine anasonga mbele na wake, anapanda au kushuka kidogo kidogo mpaka kiputo cha hewa kikae katikati ya mistari. Kikikaa, mko sawa, hapo unapiga kigingi. Kisha mnasonga. Wanawake wanafuata vigingi na majembe, wanachimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, ndiyo maana kazi hiyo iliitwa fanya juu. Kazi nyepesi kuieleza. Lakini yote inasimama juu ya kitu kimoja, kwamba fito ni sawa. Ufito mmoja ukipungua, pima maji itakuonyesha ukweli wa kamba, nao ukweli wa kamba utakuwa uongo wa ardhi.

Mwaitu Syombua alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa kijiji chao. Mwethya ni kundi la wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na wimbo juu yake. Wanaume wengi walikuwa kazini mbali, mume wake mwenyewe alikuwa bandarini Mombasa akija nyumbani Krismasi, kwa hiyo vilima vile vilichongwa na mikono ya wanawake. Mwaka wangu wa kwanza, katikati ya kiangazi, zamu ilikuwa ya shamba la mwenyekiti wao, na mimi ndiye niliyetakiwa kupima.

Asubuhi hiyo nilichelewa. Pikipiki ya ofisi ilizama kwenye mchanga wa mto mkavu, magurudumu hadi katikati. Nilisukuma, nikaomba, nikatukana, kisha nikachukua ufito mmoja nikautumia kuinua gurudumu la nyuma. Gurudumu lilitoka. Ufito nao ukapasuka mwisho wa chini. Nilikuwa na panga, nikaikata ile sehemu iliyopasuka, kama upana wa kiganja, nikaichonga ncha ikapendeza. Nilijiona fundi. Wala halikunijia wazo la kuukata na ule mwingine. Nilikuwa nawaza wanawake thelathini wananingoja juani.

Tulipima siku nzima kwa kasi. Na kwa kuwa ufito mfupi ulibaki nyuma muda wote, kila tulipovuta kamba tulishuka kiganja kimoja bila kujua. Vuteni kamba mara kumi na mbili, mtakuwa mmeshuka hadi kiunoni kwa mtu. Kwenye mteremko jicho halioni. La Mwaitu Syombua liliona. Alikuja amebeba jembe begani, akasimama kwenye mwisho wa vigingi, akafinya macho.

"Mwanangu, mbona naona hii mtaro inaangalia kwa Nzioka?"

Nzioka ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na shamba lake lilikuwa chini ya hilo, upande wa kushoto.

"Mwaitu," nikamjibu, na najuta kila neno, "macho ya mtu hudanganya. Pima maji haidanganyi."

Akacheka kidogo. "Haya. Wewe ndio umesoma." Akarudi kuchimba.

Mvua za vuli zilikuja mapema, na zilikuja kwa hasira. Badala ya maji kutulia kwenye mtaro na kunywewa na udongo, yalikimbia yote kuelekea mwisho mmoja, yakajaa, yakapasua tuta, yakashuka kwa Nzioka. Yalichukua pojo zake zilizokuwa zimechipua vizuri, yakachukua udongo mwekundu wa juu wote, yakaacha korongo ambalo ng'ombe angesimama ndani usione pembe. Nzioka alikuwa na watoto sita. Msimu ule hakuvuna hata kibaba.

Nilienda kesho yake. Watu wote walikuwa chini kwenye korongo. Mimi nilizunguka nyuma ya jiko la Mwaitu Syombua, mahali nilipokuwa nimeziacha fito, nikazisimamisha pamoja ukutani. Mmoja ulikuwa mfupi kwa kiganja. Niliziegemeza tena kama zilivyokuwa, nikatazama huku na huku, sikuona mtu. Kisha nikashuka kwenye korongo kuungana na wanaosikitika.

Bosi wetu alikuja kutoka mjini Kitui, chifu akaitisha mkutano palepale. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Kosa moja la namna ile lilikuwa linatosha kurudishwa Matiliku, kwa mama ambaye hana tena ng'ombe. Bosi akauliza kwa sauti, "Nani alipima hapa?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini Mwaitu Syombua alikuwa ameshasimama, anajipangusa udongo kwenye kanga.

"Alipima sawa huyu kijana," alisema. "Ni mimi. Kulikuwa na jiwe, nikang'oa kigingi nikakisogeza. Ni mimi nimeharibu."

Jiwe lilikuwepo kweli. Kigingi kimoja alikuwa amekisogeza kweli, hatua moja tu, jambo lisiloweza kupasua hata tuta la viazi. Na mimi nikaingia ndani ya lile jiwe nikajificha. Nilijiambia labda ndivyo anavyoamini. Labda kweli ni jiwe. Nilifunga kinywa changu, na sikukifungua kwa miaka arobaini.

Sasa sikilizeni lilimgharimu nini, kwa sababu mimi halikunigharimu kitu. Mwethya ulimwondoa uenyekiti. Walifanya kwa upole, wakasema apumzike, lakini walimwondoa. Nzioka alikata miiba, akafunga njia ya mkato iliyopita kwenye shamba lake kwenda mtoni, na kwa miaka saba yule mama alizunguka kilima kizima na mtungi wa maji mgongoni, ukanda umembana kwenye paji la uso. Naye ndiye aliyelijaza korongo la shemeji yake. Alisomba mawe na punda wake kiangazi chote kilichofuata, siku nyingi peke yake, huku Nzioka akipita bila kumsalimu. Mimi nilikwenda kumsaidia kila Jumamosi. Watu wakanisifu, afisa gani huyu mwenye roho nzuri, hata kosa si lake. Kila sifa iliniingia kama mwiba, nami nikaimeza.

Kuna Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kwenye mawe tunakunywa uji. Nikasema, "Mwaitu, ile siku ya mkutano..." Akanikatiza. "Uji inapoa, mwanangu." Nikashukuru Mungu kwa kupoa kwa uji. Ndivyo nilivyokuwa mwoga.

Nilirudi pale mara nyingi kadiri miaka ilivyokwenda, na kila nilipokwenda nilikuta ameongeza kitu. Alipanda nyasi juu ya matuta zikashika udongo. Alipanda ndizi ndani ya mitaro. Mbegu za kunde alizihifadhi kwa majivu ndani ya kibuyu, na zilipotokea mbegu zetu za pakiti alizipokea kwa heshima zote, akazipanda mstari mmoja, mistari mingine yote akapanda zake. "Hizi zako nazijaribu kwanza," aliniambia. "Hata bwana harusi huulizwa anatoka kwa nani." Msimu ule mvua ilikatika mapema, na nilikwenda kwake kuomba mbegu za kugawia wakulima wa ofisi.

Kisha wajukuu wakaja. Binti yake mkubwa alifariki, akaacha watoto watano, wa mwisho akiwa bado hajaota meno. Mwaitu Syombua, ambaye mume wake naye alikuwa ameshatangulia, aliwakusanya wote jikoni kwake. Nilimkuta siku moja ana mmoja mgongoni, mmoja anamshika kanga, na watatu wamepanga mstari kwenye mtaro, uchi, kila mmoja amesimama kwenye shina la mpapai. Alikuwa anawaogesha.

Kila mjukuu alikuwa na mpapai wake na aliogea hapo, kwa sababu maji yaliyobebwa kilima kizima hayawezi kufanya kazi moja tu. Mtoto anatakata, mti unakunywa. Na alikuwa na hakimu asiyehongeka. Mtoto akidai ameoga, Susu alienda kutazama mpapai wake. Majani yakiwa yamelegea, kesi imeisha. Mwende wenu, huyu mnayemwona akitembea na kompyuta, mpapai wake ulinyauka mara tatu. Mwulizeni.

Aliwapenda watoto wale waziwazi, bila kuona haya. Wakienda shule aliwasindikiza hadi kwenye mti wa mwisho, akawatilia mfukoni mahindi ya kukaanga, akasimama pale mpaka asiwaone. Ikiwa chakula ni kidogo alisema meno yanamuuma. Wale watoto walikua wakiamini Susu ana meno mabovu, na alipofariki alikuwa nayo karibu yote.

Na ni wao waliomaliza vita vya miiba. Watoto hawajui kuzunguka kilima. Walitoboa tundu kwenye ua wa Nzioka, wakapita kama sungura, kila siku tundu likawa kubwa kidogo. Nzioka aliliona akanyamaza. Mwaka wa saba tundu lilikuwa limekuwa njia, na siku moja Susu mwenyewe alipita hapo na mtungi wake, wakasalimiana. Lakini kwenye arusi na mikutano ya ukoo mzee yule aliendelea kusema, kwa utani ambao haukuwa utani, "Muulizeni shemeji yangu, yeye anajua kusogeza vigingi." Watu walicheka. Naye alicheka pamoja nao. Nilikuwepo mara mbili, na mara zote mbili nilitazama sahani yangu.

Nilistaafu. Nikajiahidi nitaenda nimwambie yeye kwanza, kisha nimwambie Nzioka. Nikasema baada ya mavuno. Nikasema baada ya kutibiwa goti. Simu ya Mwende ikanikuta hivyohivyo. "Mzee Kilonzo, Susu ametuacha."

Nilifika siku moja kabla ya mazishi, mchana. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la mumewe, chini kidogo ya tuta la tatu, na familia ilikuwa na wasiwasi kwamba mvua ikija maji yatamwingilia. Mwende alikuwa ameamua apime mtaro mdogo juu ya kaburi, wa kuyageuza maji. Ameajiriwa kwa kazi hiyohiyo, angemwachia nani? Alikuwa amekuja na fito zake mbili na kamba, maana alisema kwa mteremko mfupi namna ile hahitaji mashine.

Kabla ya kufanya lolote alizisimamisha fito pamoja kwenye ukuta wa jiko. Akachutama akatazama chini, akasimama akapitisha kiganja juu ya ncha zote mbili.

Mimi nimewafundisha maafisa wengi kufanya hivyo, na sikuwahi kumwambia hata mmoja ni kwa nini. Lakini Mwende sikumfundisha mimi. Nikamuuliza, "Siku hizi chuoni wanafundisha hiyo?"

"Aa-aa, Mzee. Hiyo ni ya Susu."

Akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika fito mbili nyeusi kwa masizi. Susu alikuwa ameziweka juu ya meko, kwenye moshi, pamoja na vibuyu vya mbegu, mahali ambapo mchwa hawafiki. Nilizijua kabla hajaniletea. Mtu huijua aibu yake hata ikipakwa masizi.

"Alikuwa anatupatia hizi tukiwa wadogo," Mwende alisema. "Anatuuliza, gani ni fupi? Lazima uzisimamishe ndio ujue. Alisema zamani kulikuja kijana mzuri sana, lakini alikuwa na haraka."

"Aliwaambia ni nani?"

"Tulimsumbua sana atuambie. Alikuwa anasema jina sio shamba, haiwezi kutupea chakula."

Kisha nikauliza lile nililobeba miaka yote. "Na aliwaambia kwa nini hakumtaja kwa chifu?"

Mwende alitabasamu, machozi yakiwa yamemjaa. "Alisema, huyo ameshasomea kwa shamba yangu. Wakimfukuza, mwingine atakuja kusomea ya nani?"

Nilikaa chini kwenye jiwe la kusagia nikalia. Sioni haya kuwaandikia. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Alikuwa amejua. Kumbe siku ile ninazunguka nyuma ya jiko lake, ninapima aibu yangu ukutani, yeye alikuwa ameshaipima kabla yangu. Akasimama mbele ya chifu akijua. Akasomba mawe pamoja nami, akaninywesha uji, akijua.

"Mwende," nikasema, "huyo kijana ni mimi."

Hakushtuka. Sijui kama alikuwa ameshakisia. Alinisaidia kusimama, kisha akaelekeza kidevu upande wa hema. Chini ya hema Mzee Nzioka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkongojo katikati ya magoti, macho yake yameingia ukungu, haoni zaidi ya mwanga na kivuli.

Nilikwenda, fito nyeusi mkononi. Nikamsalimia, nikajitaja, nikapiga magoti. Nikamwambia yote: mto, mchanga, panga, kiganja kimoja, jiwe nililojifichia. Nzioka alinyoosha mkono, nikampa zile fito. Akapapasa ncha ya wa kwanza kwa kidole gumba, polepole. Akapapasa ya wa pili.

"Huu ulikatwa na msumeno," akasema. "Huu ni panga."

"Ni panga yangu, Mzee."

Alizilaza fito mapajani. "Mimi nilimfungia njia," akasema. "Miaka saba na maji kwa mgongo. Na alikuwa hana makosa." Nilingoja anitukane, na ningemshukuru. Badala yake alimgeukia Mwende. "Hiyo mtaro ya juu ya kaburi mmeshapima?"

"Bado, Umau," Mwende alimjibu babu yake.

"Niinueni. Upande moja nitashika mimi."

Kesho yake niliyarudia yote kanisani, mbele ya ukoo na mwethya mzima, na jina la Mwaitu Syombua likarudishwa mahali pake. Mama mmoja mzee wa mwethya alisimama akasema mwenyekiti wao ni yule yule, hawajawahi kuwa na mwingine. Lakini kwangu mimi jambo lenyewe liliisha mchana ule wa kwanza, pale mteremkoni.

Tulimshika Nzioka mikono, tukapanda naye taratibu hadi juu ya kaburi. Mwende akampa mmoja wa fito zake mpya, mimi akanipa mwingine, akaanza kuning'iniza pima maji katikati ya kamba. Mawingu yalikuwa yameshafika juu yetu. Nikainua mguu nisogee mbele, kwa haraka, kama kawaida yangu.

"Kilonzo," mzee aliniita. "Ngoja. Zisimamishe pamoja kwanza."

Nikarudi. Nikausimamisha ufito wangu kando ya wake, chini kwa chini, na Mwende akaushika mkono wa babu yake akauweka juu ya ncha zote mbili. Mzee alipapasa mara moja, akapapasa mara ya pili.

"Ziko sawa," akasema. "Haya, mwana wa watu, twende."